Chupa Isiyokauka ya Wodi ya Wanaume

Ninyi vijana mnaoingia wodini mwaka huu na vyeti vyenu kwenye bahasha ya kaki, mimi sikuwa na bahasha. Niliishia darasa la tano. Niliingia hospitali kwa mlango wa nyuma nikibeba ndoo za kupigia deki, na baada ya miaka ishirini na tisa nimetoka kwa mlango wa mbele, mganga mkuu akinishika mkono na wauguzi wakiniimbia. Nimefunga vidonda vingi kuliko mtu yeyote ninayemjua kati ya Kahama na Geita. Nyumba yangu ina vyumba sita na bati la rangi, na watoto wangu pacha, Kulwa na Doto, wote wamefika chuo. Wachimbaji waliokuwa wanaletwa na bodaboda walikuwa wakiulizia getini, "Baba Kulwa yupo?" kabla hawajaulizia daktari. Nayasema haya mapema ili mjue anayewaandikia si mtu wa kubahatisha. Mbele huko kuna ninayotakiwa kuyasema ambayo hayanipambi.

Vidonda vya ukanda huu wa dhahabu vina tabia yake. Jiwe linamwangukia mtu ndani ya duara, yaani shimo la mchimbaji, mguu unachanika, na mtu haji hospitali siku hiyo. Wenzake wanakimbilia kibanda cha karibu, pale pale panapouzwa sigara na biskuti, wananunua vidonge vya rangi mbili. Hawavimezi. Wanavifungua, unga wake wanaumwaga kwenye jeraha, wanafunga na kipande cha fulana, mwenye mguu anarudi kazini. Akija kwetu siku ya nne unakuta unga umeshikana na damu ukawa ganda gumu, na chini ya ganda usaha umejaa.

Kulitoa ganda hilo kuna ufundi. Ukilibandua kwa haraka utapigwa ngumi. Mimi mnaniona sina jino la mbele. Alilichukua kijana mmoja wa Bukombe. Baada ya hapo nikajifunza kuweka juu ya ganda kitambaa cha gozi chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikaliacha robo saa, na wakati huo namuuliza mtu ni duara gani linatoa mali siku hizi. Mchimbaji akianza kuzungumza dhahabu, mguu anausahau. Wapo waliolia hata hivyo.

"Baba Kulwa, polepole, mimi nina watoto!"

"Watoto uliwapata kwa mguu?"

Wodi nzima inacheka, ganda linatoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lubinza, mfunga vidonda wa zamani ambaye naye cheti hakuwa nacho. Alikuwa mtu wa maneno machache na makofi ya karibu. Ukianza na kidonda kichafu kabla ya kisafi, unakula kofi. Alinifundisha kunusa bendeji kabla sijaifungua, maana pua inajua mambo ambayo macho yatayajua kesho. Na kila Jumamosi alikuwa anamwaga dawa yote iliyobaki kwenye chupa za kusafishia vidonda, hata kama ni nusu chupa, anaziosha, anazichemsha, anaziegemeza kichwa chini mpaka Jumatatu. Nilikuwa naumia kuona dawa nzuri inaingia kwenye bomba la maji machafu. Nilimwambia siku moja kwamba anafuja. Akanijibu, "Ukiwa mkubwa utafanya yako."

Nikawa mkubwa, nikafanya yangu.

Alipoondoka, dawa ya kusafishia ilikuwa inakuja kwenye galoni, nzito, unaichanganya na maji. Ilikuwa haitoshi. Wodi nyingine zilikuwa zinaishiwa kabla ya mwisho wa mwezi na wauguzi wanakuja kuomba kwangu. Kwangu ilikuwa haiishi. Nilikuwa na chupa moja kubwa ya kahawia, nimeiziba kwa pamba niliyoifunga na gozi, nikiona imefika robo naongeza maji na dawa kidogo juu yake. Sikuimwaga. Sikuichemsha. Ilikaa mezani kwangu zaidi ya miaka mitatu bila kukauka hata siku moja. Sista mkuu wa wodi, mama mmoja mkali sana, alinisifu mbele ya mkutano: "Igeni mfano wa Baba Kulwa." Wakaiga. Nilitembea siku hiyo kama bwana harusi.

Sasa niwaambie habari ya Masanja.

Masanja alikuwa mchimbaji, kwao ni upande wa Chato. Jiwe lilimchuna mguu kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Mfupa ulikuwa mzima. Aliletwa na unga wake wa rangi mbili kama wenzake, nami nikamsema vizuri. "Nani kakwambia mguu ni kiazi, unaupaka unga kabla ya kukaanga?" Alicheka huku machozi yanamtoka. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na mkeka wake. Alikuwa mwanamke mwembamba, hana maneno mengi, anafua vitambaa vya mumewe mara mbili kwa siku.

Wiki ya kwanza kidonda kilikuwa chekundu, kizuri, nyama inajijenga. Nikawaita wanafunzi waje waone. Siku ya tisa nikanusa bendeji. Ilikuwa na harufu tamu, kama nanasi lililosahauliwa kwenye gunia. Nikafungua. Gozi ilikuwa ya kijani, kijani cha maji ya mlenda.

Daktari akabadilisha sindano. Haikushika. Akabadilisha tena, na tena. Sindano ile ya tatu ndugu walizunguka Kahama nzima kuitafuta, nayo ikaingia mwilini kama maji. Daktari alipopita raundi alisema mbele yetu kwamba kijani ikifika kwenye mfupa mguu hautabaki. Kila mtu wodini akasema ni zile rangi mbili, zimewazoesha wadudu dawa. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti kuliko wote. Na sikilizeni, si uongo. Dawa ikitumika ovyo, nusu nusu, bila kipimo, wadudu wanaobaki ni wale wagumu. Hilo lilikuwa kweli, na mimi nikajificha nyuma ya ukweli huo.

Maana ndani ya wiki mbili kijani ilitokea kwa wengine watatu. Mmoja alikuwa dereva wa bodaboda. Mmoja alikuwa fundi ujenzi. Wa tatu alikuwa mzee mfugaji aliyepigwa pembe na fahali wake. Hawa machimbo hawayajui. Yule mzee uchafu uliingia kwenye damu, akafa siku ya tano. Nilimfunga mimi kila asubuhi, na kila asubuhi alinishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja."

Kaka mdogo wa Masanja, anaitwa Shija, naye ni mchimbaji. Alikuja akakaa kitandani, akafunua shuka, akaziba pua. Kuna imani machimboni, na ninyi mtaikuta: mume akiwa ndani ya duara, mke akatoka nje ya ndoa, duara linamkataa mume. Jiwe linamwangukia, na kidonda chake hakikauki.

"Kaka," Shija akasema, Mama Kabula anasikia, "ulipokuwa shimoni huyu mwanamke ulimwacha na nani kule nyumbani?"

"Na mama."

"Mama analala na kuku."

Mama Kabula aliacha kukunja kitambaa. "Shemeji, huyo mwanaume nitajie jina lake, na mimi nimjue."

"Kidonda kitamtaja. Kikiwa hivi hivi Jumatano ijayo, naondoka na wewe, wazee wakae. Usidhani natania."

"Wazee wakae wanifanye nini?"

"Watoto ni wetu. Wewe una kwenu, Tinde."

Masanja alikuwa na homa, alisema tu, "Shija, acha," akageukia ukutani. Mimi nilikuwa meza ya pili nakata gozi. Nilisikia kila neno. Nikaendelea kukata. Nilijiambia mambo ya ndoa za watu si kazi ya mfunga vidonda.

Hapo ndipo alipoingia Zuhura. Zuhura alikuwa binti wa maabara, mgeni, mtu wa Tanga, anaongea taratibu kama anayesoma barua. Alikuja na vijiti vya pamba na vichupa vyake akasema anataka kuotesha wadudu, ajue wanatoka wapi. Akapangusa sinki. Akapangusa vyuma vya vitanda, toroli, hata mikono yetu. Nilimpa mikono yangu kama ninayetoa pasipoti.

"Baba Kulwa, shikamoo. Kuna kitu kingine kinachogusa wagonjwa wote wanne?"

"Marahaba. Kinachowagusa wote ni mimi, mwanangu, na mimi umeshanipima." Kisha nikacheka, nikamsogezea chupa yangu ya kahawia. "Haya, chukua kidogo na humu, ukaone kitu kisafi kinavyofanana."

Hakuwa ameniomba. Nilimpa mwenyewe, kwa majivuno.

Siku ya tatu, Jumanne, aliniita maabara akafunga mlango. Mezani kulikuwa na sahani ndogo za plastiki zenye kitu kama uji mgumu. Ya sinki ilikuwa na madoa madoa. Ya mikono yangu ilikuwa safi karibu kabisa, na naomba hilo mliandike. Sahani ya kidonda cha Masanja ilikuwa ya kijani. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, ya kijani ile ile, harufu ile ile ya nanasi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya chupa."

Nilimwambia amechanganya sahani. Akasema alirudia mara mbili. Nikamwambia ile ni dawa ya kuua wadudu, mdudu ataishije ndani yake? Akanieleza bila haraka: dawa ikizimuliwa kupita kipimo, ikikaa muda mrefu, chupa haijaoshwa, mdomo umezibwa kwa pamba, kuna mdudu anayeweza kujifunza kuishi humo. Na mdudu aliyejifunza kuishi ndani ya dawa ya kusafishia, sindano zetu nyingi hazimtishi. Akanionyesha sahani nyingine aliyokuwa amepanga juu yake vijikaratasi vya dawa. Kuzunguka dawa inayofanya kazi panabaki peupe. Pale palikuwa kijani mpaka kwenye ukingo wa kila karatasi, isipokuwa mbili.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Wewe ni mtu mzima, nimeanza na wewe."

Vijana, nilirudi wodini moja kwa moja. Nilichukua chupa, nikaimwaga, nikaivunja kwenye pipa la taka. Jioni ile ile nilichanganya dawa mpya kwa kipimo, kwenye vichupa vidogo vilivyochemshwa, kila mgonjwa na chake, kinachobaki kinamwagwa siku hiyo hiyo. Zuhura akampa daktari majina ya dawa mbili zilizobaki na nguvu. Daktari akaongeza jambo lililonishangaza: siki, aliyoizimua yeye mwenyewe kwa kipimo chake, tuloweshe gozi tuweke kidondani. Yule mdudu hapendi ukali wa siki. Msiende kumwagia watu siki ya jikoni, mnanisikia? Ni kwa kipimo, na ni kwa amri ya daktari.

Na nilipanga kunyamaza. Nasema kweli. Niliona chupa imekwenda, vidonda vitapona, nani atauliza? Zuhura angeandika ripoti yake kwa maneno ya maabara, na maneno ya maabara hayataji jina la mtu.

Kesho yake, Jumatano, nilikuta mkeka wa Mama Kabula haupo. Shija alikuja asubuhi, akafunua gozi, akaona bado kijani, akamchukua akampeleka Chato.

Baada ya siku nne harufu ilikatika. Siku ya sita nikafungua nikaona wekundu. Nikamwambia Masanja, "Mguu wako unabaki." Alishika mkono wangu akaubusu. Nikiwa bado nimeinama pale, Shija akaingia. Akaangalia mguu. Akageukia wodi nzima, akapiga makofi mara moja.

"Mmeona? Mmeona wenyewe? Ameondoka Jumatano, kidonda kinakauka! Mnataka ushahidi gani?"

Dereva wa bodaboda akatikisa kichwa kukubali. Muuguzi mmoja, tena msomi, akasema, "Mh, dunia ina mambo." Na Masanja, aliyekuwa anamtetea mkewe kwa homa yake yote, alinyamaza. Nilimwona anahesabu siku kichwani.

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kidonda kingebaki kibovu hata baada ya yule mwanamke kuondoka, angekuwa na nafasi ya kubisha. Kwa kukiponya kimya kimya nilikuwa nimemtia hatiani.

"Shija," nikasema, "kidonda kimekauka kwa sababu nimemwaga chupa yangu. Wadudu walikuwa wanatoka kwenye chupa yangu. Nimekuwa nawapaka mimi, kila asubuhi, kwa mkono wangu."

Shija alinitazama toka viatu mpaka kichwani.

"Kumbe ni wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

"Sisemi chupa! Mzee mzima, mke wa mwenzako hakuhusu, unajipaka matope mwenyewe ili yeye asafike? Umempendea nini? Mlianza lini?"

Aliyenisaidia ni Masanja. Alijiinua kwa viwiko.

"Shija, kaa chini. Huyu alikuwa akishinda hapa na koti jeupe, na mke wangu yuko kwenye mkeka kando ya kitanda changu, wote mbele ya macho yangu. Kaa." Kisha akaniambia mimi, si kwa upole. "Baba Kulwa, hayo maneno kwangu hayatoshi. Wazee wanakaa Jumapili. Nenda ukayaseme mbele ya baba."

Kwanza nilikwenda kwa sista mkuu. Nilimweleza nimesimama. Hakupiga kelele, na ingekuwa heri angepiga. Aliuliza tu, "Na wodi ngapi nimeziambia zikuige?" Siku hiyo hiyo chupa zote zilikusanywa, zikamwagwa. Barua ya onyo ipo kwenye faili langu hadi leo. Kuhusu yule mzee mfugaji, ndugu zake walikuwa wameshazika na kutawanyika. Hao sikuwahi kuwaambia. Sijui kijiji chao, na sikutafuta kwa bidii.

Nilimwomba Zuhura anipe zile sahani niende nazo Chato. Akashtuka: "Hizi haziwezi kutoka humu, Baba Kulwa, unataka kuambukiza basi zima?" Kwa hiyo nilikwenda na mdomo wangu tu.

Nilifika Jumapili mchana. Wazee walikuwa kwenye viti vya kamba uani, baba yake Masanja katikati. Shija alikuwa amesimama mlangoni. Mama Kabula alikuwa amekaa chini karibu na jiko la nje, na pembeni yake mfuko wake wa plastiki wenye mistari, umefungwa kwa kamba. Niliwaamkia, "Mwadila," wakaitikia nusu nusu.

Nilieleza. Nilitaja chupa, miaka mitatu, maji niliyokuwa naongeza juu. Mzee mmoja akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema la tano. Wakatazamana. Baba yake Masanja akasema taratibu, "Unatuambia dawa ya kuua wadudu ndiyo iliyokuwa zizi la wadudu. Mwanangu, sisi si watoto."

Kisha nikaona kundi lao la ng'ombe linarudi toka majini, nikauliza, "Baba, hawa mnawaogeshea wapi dawa ya kupe?"

"Josho la kijijini."

"Dawa ya josho ikipungua, msimamizi akaongeza maji badala ya dawa, kupe wanakufa?"

Mzee alikohoa. "Hawafi. Mwaka juzi walitufanyia hivyo."

"Na mlipoleta dawa nzima?"

"Kupe walikuwa wameshazoea. Wanatembea nayo mgongoni kama wamepakwa mafuta. Nilipoteza ndama."

"Sasa mimi ndiye yule msimamizi wa josho."

Wazee wale walikuwa wamemtukana msimamizi wa josho kwa mwaka mzima, na sasa walikuwa wanamtazama amekaa mbele yao kwenye kigoda. Mmoja akasema neno zito la Kisukuma ambalo sitaliandika. Nikalipokea. Shija alifungua mdomo, baba yake akamnyooshea fimbo, akaufunga.

Mama yake Masanja, ambaye muda wote alikuwa anapepeta mchele bila kuinua uso, aliweka ungo chini. Akaenda mpaka jikoni, akaunyanyua ule mfuko wa mistari. Ulikuwa mzito, akaubeba kwa mikono miwili. Mlangoni alimwambia Shija asogee. Kisha akageuka nyuma.

"Mama Kabula, njoo ndani. Jua kali."